Reli ya Hijaz: Mradi Uliohesabiwa Kilomita kwa Kilomita



Mwezi huu karibu kila msikiti una kamati. Kuna kamati ya futari, kamati ya zakatul-fitri, kamati ya kuongeza vyumba vya madrasa, na ile kamati ya kisima iliyozinduliwa Ramadhan ya mwaka juzi kwa bango kubwa na picha nyingi. Sote twajua vile mambo huenda. Mkutano wa kwanza watu wanajaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi. Mkutano wa tano wamebaki mwenyekiti, mweka hazina na kijana mmoja aliyeona haya kukataa. Mchango unakatika, msingi unaota nyasi, na ukiuliza mmefika wapi unajibiwa, "Tuko mbioni, inshallah." Ni mbio gani hizo, zinaanzia wapi na zinaishia wapi, hakuna anayejua.

Wengi hudhani tatizo letu ni pesa. Pesa ni tatizo, sikatai. Lakini historia ya Waislamu ina mradi mmoja mkubwa ulioanza bila pesa za kutosha, bila wataalamu wa kutosha na bila maji, katika jangwa lililokuwa likiua wasafiri miaka nenda miaka rudi, na ukafika. Ulichukua miaka minane. Mradi huo ni Reli ya Hijaz, kutoka Damascus mpaka Madina. Ukiufuatilia kwa karibu utaona kwamba siri yake haikuwa hazina ya Sultani. Ilikuwa ni namna kazi ilivyopimwa, na namna kila aliyetia mkono alivyopewa sababu ya kutouondoa. Utaona pia ni nani aliyesahauliwa katika hesabu, na alilipiza vipi.

Njia ya siku arobaini

Kabla ya reli, haji aliyetoka Sham alikwenda na msafara wa ngamia. Damascus mpaka Madina ilikuwa siku 40 hivi, na hapo bado hujafika Makka. Dola ya Uthmaniya iliweka ngome na birika za maji njiani, ikateua amiri wa msafara, na ikawalipa makabila ya Kibedui ili mahujaji wapite salama. Mapatano hayo yakivunjika, mambo yaliharibika. Mwaka 1757 msafara uliokuwa ukirudi kutoka hija ulivamiwa na watu wa kabila la Banu Sakhr, na maelfu ya mahujaji wakafa. Liweke akilini jambo hili, kwani Mabedui watarudi katika kisa chetu.

Mwezi wa Mei 1900 Sultan Abdulhamid wa Pili alitangaza kwamba reli itajengwa. Tusimfanye malaika. Hija ilikuwa sababu ya kweli, lakini Sultani alitaka pia njia ya kupeleka askari Hijaz na Yemen bila kutegemea Mfereji wa Suez uliokuwa mikononi mwa Waingereza, na alitaka Waislamu wa dunia nzima wamtazame yeye kama khalifa wao. Mmoja wa waliousukuma sana mpango huu ni katibu wake, Izzat Pasha al-Abid, mwenyeji wa Damascus.

Hazina nayo ilikuwa hoi. Tangu 1881 sehemu ya kodi za dola ilikuwa ikikusanywa moja kwa moja na idara ya wadai wa Ulaya, na reli nyingi za dola zilikuwa mali ya makampuni ya kigeni yenye masharti ya kigeni. Hii ikaamuliwa ijengwe bila mkopo wa nje. Huko Ulaya wengi waliichukulia kuwa ndoto ya mchana.

Mchango wenye jina

Sultani alianza mwenyewe, akatoa lira 50,000. Stempu maalumu za reli zikachapishwa, ukitaka karatasi yako ya serikali ipite unalipa. Idi kubwa ilipofika, ngozi za wanyama wa udh-hiya zilikusanywa zikauzwa, pesa zikaingia kwenye reli. Ngozi hizo hizo ambazo hapa kwetu mara nyingi huishia jaani! Watumishi wa serikali walikatwa mishahara, na hapo ukweli usemwe, si wote waliofurahi. Mtu akikatwa haki yake halafu akaambiwa ametoa sadaka, moyo wake hauko pale.

Lakini kulikuwa na waliotoa kwa hiari, na walitoka mbali. Misri walitoa. Uhindi walitoa sana, matajiri wa Hyderabad na mafundi wa mitaani vilevile. Mwandishi mmoja wa magazeti wa Punjab, Muhammad Inshaullah, aliipigia debe reli hii katika kurasa zake mwaka baada ya mwaka, akawa anakusanya michango na kuipeleka Istanbul. Wahindi hawa hawakuwa raia wa Sultani. Walikuwa chini ya Mwingereza, na wengi wao wangekwenda hija kwa meli mpaka Jeddah, reli ya Damascus isingewasaidia hata kidogo. Sasa kwa nini watoe?

Sehemu ya jibu ni imani, bila shaka. Sehemu nyingine ni kwamba walionyeshwa pesa zao zinakwenda wapi. Magazeti ya Istanbul yalichapisha orodha za waliotoa, jina na kiasi, na habari za reli ilikofika. Aliyetoa zaidi alipewa nishani, na nishani zilikuwa za daraja tatu: nikeli, fedha na dhahabu, kulingana na alichotoa. Najua kuna ndugu atakayesema hii ni kufungulia mlango wa riya. Hoja yake ina uzito. Lakini Qur'an yenyewe, katika Suratul-Baqara aya ya 271, haikuikataa sadaka ya wazi. Imeisifu, kisha ikasema ya siri ni bora zaidi. Na kuna tofauti kati ya mtoaji kujionyesha na mpokeaji kutoa hesabu. Orodha ile ilimfunga mpokeaji kuliko ilivyomtukuza mtoaji. Ukishachapisha kwamba fulani ametoa lira 5, ni vigumu kesho kusema hukuziona.

Mwisho wa yote, michango ilifikia takriban theluthi moja ya gharama. Theluthi mbili zilitokana na makato, stempu, ushuru na vyanzo vingine vya dola. Yaani hata katika mradi uliotangazwa kila msikiti, wa Cairo mpaka Lahore, hiari peke yake haikutosha.

Mwanzo mbaya

Kazi ilianza rasmi tarehe 1 Septemba 1900. Usisahau tarehe hiyo. Ilikuwa sikukuu ya Sultani kukalia kiti, mwaka ule akianza mwaka wa 25 wa utawala.

Mwanzo wenyewe haukuwa mzuri. Wahandisi walikuwa wachache na wengi hawakuwahi kujenga reli, vifaa vilichelewa, na kazi ya miezi ya kwanza ilikwenda polepole na kwa makosa. Kamati kuu ilikaa Istanbul, kamati nyingine Damascus chini ya gavana. Ninavyowajua watu wa kamati, ingekuwa rahisi kulaumiana kwa mwaka mzima. Badala yake, mwaka 1901 walimwajiri mhandisi Mjerumani, Heinrich August Meissner, kijana wa chini ya miaka 40, aliyekuwa tayari na uzoefu wa reli katika nchi za Uthmaniya na aliyejua Kituruki. Upande wa jeshi na vibarua ulishikwa na Kazim Pasha. Kila mmoja akajua lake: huyu mstari upite wapi na daraja lijengwe vipi, yule watu wale nini na walale wapi.

Jambo jingine lililosaidia ni waya. Laini ya simu ya maandishi ilivutwa kutoka Damascus kuelekea Madina na kuitangulia reli kwa miaka. Kwa hivyo taarifa ya kazi haikungoja mtu apande ngamia. Umuhimu wake ulionekana hata ikasimamishiwa mnara katika uwanja wa Marja mjini Damascus, nguzo ya shaba nyeusi yenye mfano wa msikiti mdogo juu yake, na upo mpaka leo. Mnara huo wote ni wa kukumbuka nyaya.

Askari na tarehe ya kurudi nyumbani

Kazi ngumu ya udongo ilifanywa na askari. Kwa wakati mmoja walikuwa kati ya 5,000 na 7,000 hivi. Wachimba, wajaza tuta, wabeba mataruma ya chuma, wapanga reli, juani mchana na baridini usiku, kwa sababu jangwa la Hijaz usiku halina huruma. Chakula kilikuwa mkate mkavu, wali na nyama mara moja moja. Mboga hakuna, na ugonjwa wa fizi ukawaingia. Maji yaliletwa kwa mabehewa kutoka nyuma. Kipindupindu kilipozuka kiliondoka na watu, na wengine wakatoroka.

Ujenzi wa mawe, yaani madaraja, makalvati na stesheni, ulipewa mafundi na wakandarasi, wengi wao wageni. Na madaraja si mchezo: reli nzima ilikuwa na madaraja na makalvati zaidi ya 2,000. Unaweza kushangaa jangwani daraja la nini. Mvua ya jangwani huja mara moja kwa mwaka, lakini ikija bonde kavu linageuka mto na linabeba tuta zima. Waliopunguza makalvati ili waende haraka walijikuta wanarudi nyuma kujenga upya.

Sasa askari hawa walitiwa moyo na nini? Hotuba walizisikia, za mashekhe na za makamanda. Lakini kuna mambo mawili ya kawaida kabisa yaliyofanya kazi. La kwanza, walilipwa ujira mdogo juu ya mshahara wa kijeshi, katika zama ambazo askari wa Uthmaniya angeweza kukaa miezi bila kuona mshahara wake. La pili, waliahidiwa kumaliza utumishi wao mapema kuliko wenzao waliobaki kambini. Nadhani hili la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kijana aliyechukuliwa kutoka kijijini Anatolia hajui reli ya kilomita 1,300 ni nini. Anajua shamba la babake. Ukimwambia utarudi mwaka fulani, kila taruma analolilaza linamsogeza kwao.

Hebu tulinganishe na kwetu. Miaka hiyo hiyo reli nyingine ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kuanzia 1896 hadi 1901. Walioijenga ni vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Uhindi, Waislamu wakiwemo wengi, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi makwao. Msafiri wa barabara ya Nairobi anayesimama Mackinnon Road kuzuru kaburi la Sayyid Baghali anasimama kwa mmoja wa watu wa reli ile, na masimulizi kwamba karai lilielea juu ya kichwa chake wengi tumeyasikia utotoni.

Mwaka 1898 daraja la Tsavo lilikuwa mikononi mwa mhandisi Mwingereza, J. H. Patterson. Aligundua kwamba wengi waliojiita waashi walikuwa vibarua wa kawaida. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, kibarua rupia 12. Nani asingejiita mwashi? Patterson akaamua kupima: kila mtu alipwe kwa kazi aliyoifanya. Kwenye karatasi ni haki tupu. Matokeo yake, kwa maelezo yake mwenyewe, waashi walikula njama ya kumuua machimboni na kuuficha mwili. Aliponea chupuchupu. Miezi michache baadaye simba walizidi kuvamia kambi, na mamia ya wafanyakazi wakajilaza juu ya reli kusimamisha treni, wakaipanda wakaenda zao Mombasa. Kazi ikasimama kwa wiki tatu hivi. Walimwambia wazi kwamba walikuja kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba. Alipowaua wale simba wawili mwezi wa Desemba, watu hao hao walirudi na kumtunukia bakuli la fedha.

Mimi naona Patterson hakukosea kupima. Kilichokosekana ni kwamba kipimo kilikuja kabla ya ulinzi. Mtu ambaye usiku halali kwa hofu, asubuhi unamjia na futi ya kupimia!

Septemba baada ya Septemba

Turudi Hijaz, kwenye ile tarehe. Kila mwaka, inapokaribia tarehe 1 Septemba, kilitakiwa kipande kipya cha kufungua. Sio maneno, sio asilimia za kubuni. Treni itoke, wajumbe wakae ndani, ifike mahali ambapo mwaka jana haikufika.

Hizi hapa hesabu. Septemba 1903 mstari ulikuwa umefunguliwa kati ya Damascus na Dera'a, na kazi ikiendelea kusini. Septemba 1904 treni ilifika Ma'an, kilomita 459 kutoka Damascus. Ujumbe ulitoka Istanbul kwa sherehe, na ndani yake alikuwamo Auler Pasha, jenerali Mjerumani aliyetumikia jeshi la Uthmaniya, ambaye aliandika taarifa ndefu juu ya kila alichokiona. Meissner akapewa cheo cha Pasha. Septemba 1906 wakafika Tabuk, kilomita 692. Septemba 1907, al-Ula, karibu kilomita 980. Na tarehe 1 Septemba 1908, mwezi wa Sha'ban 1326, Ramadhan ikiwa mlangoni, wakafungua Madina, zaidi ya kilomita 1,300.

Chukua kalamu utoe. Miaka minne ya kwanza ni wastani wa kilomita 115 kwa mwaka. Miwili iliyofuata ni vivyo hivyo. Kisha ghafla mwaka mmoja kilomita 288, na mwaka wa mwisho kilomita 320 na zaidi. Jangwa halikuwa limelainika. Ni kwamba kulikuwa kugumu zaidi. Nini kilitokea?

Kilichotokea kilikuwa nyuma ya mstari, mahali ambapo mtu anayehesabu kilomita peke yake hatazami. Miaka ya mwanzo kila kifaa kilishuka bandari ya Beirut na kupanda milima ya Lebanon kwa reli ya kampuni ya Kifaransa, kwa nauli waliyojipangia wenyewe. Reli za chuma, mataruma, vichwa vya treni, vyote. Walijaribu kununua mstari wa Wafaransa uliokuwepo kusini ya Damascus, bei ikawa haikubaliki, wakajenga wao ubavuni mwake. Halafu wakajenga tawi la kilomita 160 hivi kutoka Dera'a kushuka bonde la Yarmuk mpaka bandari ya Haifa. Kazi hiyo ilikuwa na mahandaki, madaraja ya chuma na miteremko inayoshuka chini ya usawa wa bahari. Ilikamilika 1905. Angetokea mkaguzi mwaka huo akauliza "mmesonga kilomita ngapi kuelekea Madina?" angepata jibu la kukatisha tamaa, na pengine angemfukuza Meissner. Lakini baada ya Haifa kufunguka, meli ilishusha mzigo wao kwenye gati yao na mzigo ukaenda moja kwa moja mpaka ulikotakiwa. Ndipo kilomita zikaanza kukimbia.

Jambo la pili ni vijana. Meissner alikuja na wahandisi wa Ulaya, lakini sambamba nao waliletwa wahitimu wa chuo cha uhandisi cha Istanbul, wakafanya kazi chini yao, wakajifunza kwa kushika. Kutoka al-Ula kwenda Madina wasiokuwa Waislamu hawakuruhusiwa, kwa hivyo kipande hicho kilikabidhiwa wahandisi Waislamu wakiongozwa na Mukhtar Bey. Na hicho ndicho kipande kilichojengwa kwa kasi kuliko vyote. Miaka saba kabla, mradi huu ulikuwa umekwama kwa kukosa wahandisi. Kwangu mimi, kati ya hesabu zote za reli hii, hii ndiyo inayonifurahisha zaidi, ingawa haikuandikwa kwenye nishani yoyote.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama yake. Ukiwapa watu tarehe isiyosogezwa, watafika tarehe hiyo, hata kwa kufunika funika. Siku ya ufunguzi wa Madina mengi yalikuwa hayajamalizika: stesheni, madaraja, kokoto chini ya mataruma. Treni ilipita kwenye vipande vya muda na kazi ya kurekebisha ikaendelea baadaye. Tarehe ilimridhisha Sultani, ila yeye mwenyewe hakuifaidi sana, kwani mwezi Julai mwaka ule alikuwa amelazimishwa kurudisha katiba, na Aprili 1909 akaondolewa kitini.

Waliokuwa nje ya hesabu

Safari ya siku 40 ikawa siku tatu hivi. Kwa haji ilikuwa neema. Kwa mwenye ngamia ilikuwa balaa.

Mabedui wa njia ile waliishi kwa kukodisha ngamia, kuuza kondoo na samli kwa mahujaji, na kupokea malipo ya dola ya kulinda njia. Kila kilomita iliyosherehekewa Istanbul ilikuwa kilomita iliyotoka kwenye kibaba chao. Malipo ya zamani yaliendelea kwa kiasi, lakini hakuna aliyekaa nao akawauliza: reli ikifika, nyinyi mtakula nini? Hawakuwa na nishani wala ujira, na hawakuahidiwa chochote. Ilipokaribia Madina, mwaka 1908, watu wa kabila la Harb wakawa wanashambulia wajenzi. Ndiyo maana stesheni za upande wa kusini zilijengwa kama ngome, kuta nene na matundu ya bunduki.

Mpango ulikuwa reli iendelee mpaka Makka. Haikuenda. Makabila yaliipinga, na watawala wa Makka hawakuipenda, maana treni ingewaletea askari wa Istanbul mlangoni na kuwapokonya pato la misafara. Michango nayo ikapungua alipoondoka Abdulhamid. Vita Vikuu vikaingia 1914. Sharif Hussein wa Makka alipoasi mwezi wa Juni 1916, akisaidiwa na Waingereza, walioing'oa reli na kuilipua walikuwa wengi wao watu wa makabila yale yale. Filamu za kizungu zimempa sifa yote T. E. Lawrence, lakini baruti peke yake isingefika pale bila wenyeji wenye kinyongo cha miaka minane. Fakhri Pasha alishikilia Madina mpaka Januari 1919, reli ikiwa imekatika nyuma yake. Miaka michache baada ya vita, treni za kusini ya Ma'an zikanyamaza kabisa.

Kipande kile cha Madina mpaka Makka kilikuja kupata treni mwaka 2018, ilipofunguliwa reli ya kasi ya Haramain, kilomita 450 kupitia Jeddah. Ni miaka 110 baada ya sherehe ya Sha'ban 1326. Stesheni ya zamani ya Madina, pale Anbariya, sasa ni makumbusho, si mbali na Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na baadhi ya vichwa vya treni vya zamani vimehifadhiwa hapo. Mahujaji wetu wengi kutoka Kenya wanaipita wakiwa kwenye basi, wakidhani ni jumba la serikali.